Mti Uliomenywa Haufi kwa Kiu

Mwalimu alikuwa hawezi kupita mti bila kuukwangua. Ukimwamkia mlangoni kwako, marahaba ilitoka huku amekugeuzia mgongo, ukucha wa kidole gumba uko kwenye ua lako la michongoma. Akikuta ukijani chini ya ganda aliridhika, ndipo akakugeukia na kukuuliza habari za nyumbani. Akikuta ukahawia hakuuliza habari za mtu. Alikwambia tawi hilo limekufa, ulikate, kisha akaendelea na safari zake. Hapa Chemchem, mtaa wetu wa Tabora, wapo waliomchukia kwa hilo. Jirani yetu mmoja, mama mwenye ulimi wake, aliwahi kumwambia kwamba kama kucha zinamwasha akamenye viazi nyumbani kwa mkewe. Mwalimu akamuuliza viazi gani, kwa sababu viazi mviringo ni shina na viazi vitamu ni mzizi, na yeye asingependa kumenya kitu asichokijua. Yule mama hakumsemesha tena mpaka Pasaka.

Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini, na karibu yote nilikuwa nimemkasirikia. Nalisema hili mapema ili ujue unasimuliwa na nani. Yeye ndiye aliyenifundisha Baiolojia kidato cha pili, na kazi inayonilisha leo, kitalu cha miche ya matunda kilicho nyuma ya nyumba yangu, nimeipata mikononi mwake. Namshukuru, sana tu. Lakini kulikuwa na neno moja nililotaka kulisikia kinywani mwake, neno fupi, na mwaka baada ya mwaka hakulisema. Mimi si mtu wa kusahau.

Hakuwa mtu wa fimbo. Adhabu yake ilikuwa kuchora. Ukipiga soga darasani ulikwenda kukata shina kwa wembe, kipande chembamba mpaka mwanga upite, kisha ukakichora kama ulivyokiona, siyo kama kilivyo kitabuni. Ukichora cha kitabuni alijua, akakurudisha. Wapo waliochora shina la mhindi hadi jua likazama, na nadhani ndiyo maana wengi wetu tulikuwa watulivu kwenye kipindi chake.

Nyembe na wino mwekundu alivinunua kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi pale Gongoni. Mzee yule alikuwa ameshaacha kuuza wino, nani siku hizi anaandika kwa wino, lakini aliendelea kumwagizia Mwalimu peke yake, chupa moja moja. Mwalimu alimimina matone kadhaa kwenye kopo la maji, akasimamisha mche wa mchicha ndani yake asubuhi, na mchana majani yalikuwa na mishipa myekundu. Tukikata shina tuliona vitone vyekundu vimejipanga. Hayo, alisema, ndiyo mabomba ya maji, yanaitwa zailemu, nayo hupandisha tu. Chakula kinachopikwa na majani hushuka kwa njia nyingine, floemu, iliyo upande wa gome. Kati ya hizo mbili kuna utelezi mwembamba, na huo ndio unaounenepesha mti mwaka hadi mwaka. Alikuwa akisema mti mzima unaishi kwenye unene wa karatasi, vilivyobaki ni nguzo na koti.

Sasa nije kwenye lile lililoniudhi.

Baba yangu alikuwa mrina asali, kijijini kwetu upande wa Ulyankulu, mimi nikiishi mjini kwa shangazi ili nisome. Mizinga yake ilikuwa ya magome. Masika, gome linapoachia vizuri, huchagua myombo ulionyooka, hukata mduara juu, hukata mwingine chini, hupasua mstari mmoja wa wima, kisha gome lote hutoka zima na mti hubaki uchi kiunoni. Gome hushonwa kwa vijiti, likazibwa ncha mbili, likapandishwa juu ya mti mwingine kwa kamba. Nyuki huingia. Mti uliomenywa hufa. Hilo kila mtoto wa kwetu analijua.

Mwalimu naye alilijua, na siku ile alilitoa kama mfano. Alituambia kwamba mrina asali akiumenya mti kuuzunguka maji hukatika, majani hunyauka, na mti hufa kwa kiu ndani ya siku chache. Wasichana wa mjini waliandika. Mimi nilinyoosha mkono.

“Mwalimu, Baba akimenya mti majani hayanyauki,” nikasema. “Unabaki kijani, hata mwaka wa pili unachipua. Unakufa baadaye.”

“Hapa tunasoma sayansi, binti. Mambo ya mizinga kasomee porini.”

Darasa zima lilicheka. Nikasema, lakini nimeuona kwa macho yangu. Akanionyesha mlango.

Nilisimama chini ya dirisha mpaka kengele, nikilia. Sikulilia kutolewa nje. Baba alikuwa hajui kusoma wala kuandika, na kile nilichokisema ndicho kitu pekee alichonifundisha ambacho nilidhani kingefaa shuleni. Nilikuwa nimekileta kwa fahari, kikarudishwa porini. Kwa mtoto wa miaka kumi na tano hilo si dogo.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani. Baba akanipokea kwa furaha ambayo sikuielewa. Akaniambia mwalimu wangu alikuwa amekuja, kwa baiskeli, siku ya Jumamosi, vumbi tupu. Alivua kofia kumwamkia, ingawa hawakupishana sana umri, akaomba aonyeshwe miti iliyomenywa. Walizunguka porini siku nzima. Kwenye kila mti Mwalimu aliuliza huu ulimenywa lini, akaukwangua juu ya kidonda, akaukwangua chini, akaandika kwenye daftari. Iliyomenywa masika yale ilikuwa na majani. Iliyomenywa mwaka wa nyuma ilikuwa na majani vilevile, machache. Baba akampa asali kwenye kibuyu. Aliniambia mwalimu wako ni mtu wa adabu, sijapata kuona msomi anayeuliza vile.

Basi nikajua kwamba anajua. Nilirudi shuleni nikingoja.

Muhula mpya ulianza, akatuchukua nyuma ya darasa kwenye mlimao. Akachagua tawi moja, akalitoa pete ya gome, upana wa vidole viwili. Tuliliangalia kila wiki. Majani hayakunyauka. Juu ya pete gome likavimba, likafanya mdomo. Mwalimu akasema mnaona, maji bado yanapanda, kwa sababu mabomba yako ndani kwenye mbao. Kinachokatika ni chakula kushuka. Hapo juu kimekwama ndiyo maana pamevimba, na huko chini mizizi inakula akiba yake mpaka inakwisha. Kisha akasema maneno ambayo Tabora nzima imekuja kuyajua: mti uliomenywa haufi kwa kiu, unakufa kwa njaa.

Alisema akiwatazama wote isipokuwa mimi. Nilingoja amalizie. Nilingoja aseme, nilikosea, na huyu alikuwa sahihi. Akasema futeni mikono, turudi ndani.

Kila mwaka toka hapo alifanya zoezi la pete na kidato cha pili. Na yale maneno yalitembea, jamani. Walimu wenzake waliyasema kwenye vikao. Mchungaji aliyatia kwenye mahubiri, maana Mwalimu alikuwa Mmoraviani na mpiga tarumbeta wa kanisa, mpigaji mbaya ila mwaminifu. Niliwahi kwenda harusini, mshenga akayasema akimshauri bwana harusi juu ya wakwe, na watu wakapiga makofi. Nilikaa pale na soda yangu nikijisemea kwamba hayo yametoka kwa mzee mmoja wa myombo asiyejua kusoma, na hakuna hata mmoja humu ndani anayejua.

Ungedhani mtu wa namna hiyo ni mwenye kiburi tu. Sivyo, na hapo ndipo aliponichosha. Kwenye mambo ya watu wengine alikuwa mwepesi wa haki. Kulikuwa na majirani wawili hapa Chemchem waliogombania mpaka. Marehemu baba wa mmoja alikuwa amepigilia msumari kwenye mgrevilea wa mpakani, usawa wa kiuno. Miaka ilipita, mti ukarefuka mpaka kupita paa, na msumari ukawa bado uko usawa wa kiuno. Jirani wa pili akasema hiyo ni dalili ya ujanja, msumari ulitakiwa kuwa juu pamoja na mti, kwa hiyo umeng'olewa na kupigiliwa upya kwenye mti mwingine. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa karibu kumwamini. Akaitwa Mwalimu. Akawaeleza kwamba mti hurefuka nchani, kule kwenye vichipukizi, na shina lililokwisha kutoka halipandi tena, linanenepa tu. Msumari utakaa hapo mpaka umezwe. Akaomba shoka dogo, akachanja taratibu, na msumari ukaonekana umezama ndani ya mbao, ishara kwamba haukupigiliwa juzi. Kisha akamwambia yule jirani wa pili, mbele ya watu, kwamba kukosea si aibu. Nilikuwepo. Nilimtazama Mwalimu usoni nikaona hana habari kabisa.

Na mambo yake mengine yalikuwa hayaelewani. Alihubiri dhidi ya mizinga ya magome, aliandika barua, alikwenda vijijini kuwaeleza warina asali kwamba mzinga mmoja ni mti mmoja, watumie ya mbao. Baba mwenyewe alimsikia, akaacha. Lakini asali ya mzinga wa mbao Mwalimu hakuila. Alisema haina harufu. Alikuwa na mtu wake Ulyankulu aliyemletea ya gome, na aliificha kabatini nyuma ya vitabu. Mkewe ndiye aliyenionyesha, akicheka mpaka kanga ikamwanguka begani.

Mkewe alikuwa mtu wa watu. Nilipomaliza shule bila kufaulu vizuri, ni yeye aliyemwambia Mwalimu anichukue anifundishe kubebesha miche. Nilikwenda kwa kinyongo, nikabaki miaka mitatu. Kubebesha ni kuchukua kikonyo, yaani kijiti kichanga chenye vichipukizi, cha mti mzuri na kukiunga kwenye shina la mti mwingine, na siri yake yote ni ule utelezi: wa kikonyo uguse wa shina, bila hivyo unafunga kijiti tu. Mwalimu alinisimamia kimya. Nikikosea hakusema umekosea. Alisema kitoe. Nikipatia hakusema kitu, na nilijifunza kuupokea ukimya huo kama sifa.

Alitupeleka pia, mimi na wanafunzi wake, kwenye ile njia ya zamani ya misafara kuangalia miembe mikongwe. Mmoja ulikuwa mtupu ndani, mbuzi wawili walikuwa wamejikinga mvua humo, na juu umejaa maembe. Akatuambia moyo wa mti ni sehemu iliyokufa, kazi yake ni kusimamisha, na mti unaweza kuupoteza ukaendelea kuzaa maadamu ukingo uko hai. Mtoto mmoja akauliza kama mti unaumia. Akasema hajui, na kwamba kama yupo anayejua angependa kukutana naye.

Mkewe alipofariki, jeneza lilikuwa la mninga. Kabla halijashushwa Mwalimu alilisogelea, akapitisha kiganja juu ya mfuniko, na badala ya kuomba akasema kwa sauti kwamba hii ni zailemu ya katikati, imekwisha kufa miaka mingi, ndiyo maana ina nguvu. Watu walichukizwa. Shemeji zake walinong'ona. Mimi nilikuwa karibu, nikaona jinsi ukucha wa kidole gumba ulivyokuwa ukikwangua ule ubao, ukikwangua mahali pale pale, na hapakuwa na ukijani wowote. Siku hiyo sikumkasirikia.

Alichoachiwa na mkewe ni mparachichi ulioko uani, ambao mama yule aliuotesha kutoka kokwa kwenye kopo la maziwa. Kwa miaka mingi haukuzaa, wakataniana juu yake, kisha ukaanza na haukuacha. Baada ya msiba Mwalimu alihamishia kiti chake pale. Hakuruhusu mtu yeyote auguse kwa kisu. Hata zoezi la pete alilolifanya nyumbani, kwa watoto wa jirani, alilifanya kwenye mpera.

Akastaafu. Halafu kumbukumbu ikaanza kumpungua, kwanza majina, kisha siku. Alikuwa akinijua, halafu akawa ananijua nikivaa gauni la kazi tu, halafu akawa ananisalimia kwa heshima kama mgeni. Nilikwenda kila baada ya wiki chache. Nitasema ukweli: nilikwenda kwa upendo, na pia nilikwenda kwa sababu nilikuwa bado nangoja. Kila nilipomkuta amesahau kitu kingine nilijua nafasi yangu inakwisha.

Mwaka mmoja, mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Binti yake mkubwa, anayeishi naye, alinipigia simu asubuhi akilia. Alikuwa ameamka akamkuta baba yake uani na kisu, mikono imejaa utomvu, na pete ya gome imelala chini, upana wa vidole vinne. Ameitoa kwenye shina lenyewe la mparachichi, mzunguko mzima. Alipomuuliza akamwambia kidato cha pili wana zoezi kesho.

Nikamwambia afunge kidonda kwa kitambaa kibichi na asiruhusu jua lipige. Nikachukua kisu changu, nailoni, na bonge la nta ambalo Baba aliniachia, nikaenda.

Mti uliomenywa hivyo unaweza kuponywa, ukiwahi, na ukiwa msimu ambao gome linaachia. Unakata vikonyo kutoka matawi machanga ya mti uleule, virefu kidogo kupita kidonda, unavichonga ncha mbili, unachomeka ncha moja chini ya gome la juu na nyingine chini ya gome la chini. Vinakuwa madaraja. Chakula kinashuka kupitia hivyo. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo mara mbili maishani, na mara moja ilishindwa.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye daraja la kwanza alipotoka ndani. Binti yake alikuwa amemvalisha shati safi. Alisimama akatazama kidonda.

“Nani ameumenya mti wa Mama?” akauliza.

Binti yake akanitazama. Nikasema hatujui, ila tunauunga. Akakubali. Akavuta kiti, akakaa karibu sana, nikawa nasikia pumzi zake. Nilimaliza la kwanza nikaanza la pili. Akaniuliza kwa adabu nimejifunzia wapi kazi hii. Nikasema nilifundishwa na mwalimu mmoja hapahapa Tabora. Akasema alikuwa mwalimu mzuri, huyo. Nikasema ndiyo.

Akaanza kunieleza, kama wanavyoelezwa wageni. Kwamba huu hautakufa kwa kiu, utakufa kwa njaa, kwa hiyo tunao muda, si mwingi. Aliyasema yale maneno yake vizuri kabisa, hakuna lililopotea. Kisha akafumba macho, nikadhani amelala.

“Hayo si yangu,” akasema. “Kulikuwa na binti, baba yake mrina asali. Aliniambia darasani nikamtoa nje. Nikaenda kwa baba yake nikaona kwa macho. Yule binti alikuwa sahihi.”

Nilikuwa na kikonyo cha nne mkononi. Sikugeuka.

“Kwa nini hukumwambia, Mwalimu?”

Jogoo wa jirani alipita, akakwangua chini ya mpera, akaenda zake.

“Walikuwa wamemcheka yeye,” akasema. “Nikaogopa watanicheka na mimi.”

Miaka yote ile nilikuwa nimemtungia sababu kubwa kubwa: dharau, kiburi cha msomi, ubahili wa sifa. Kumbe alikuwa ameogopa watoto arobaini wenye sare. Machozi yalinitoka, na safari hii hayakuwa ya Baba peke yake. Nikasema pengine ukimwona utamwambia. Akasema ndiyo, akimwona atamwambia, na mimi kama ninapita pande za Ulyankulu nimtafute. Nikaahidi.

Vinne kati ya vikonyo sita nilivyochomeka siku ile vilishika. Mwalimu alituacha kabla ya maparachichi yaliyofuata kukomaa, na madaraja sasa yamenenepa hadi yanakaribia kugusana. Lakini asubuhi ile hatukujua lolote kati ya hayo. Nilichomeka kikonyo cha nne nikiwa sioni vizuri, nikakifunga nailoni, nikanyoosha mkono kuchukua nta. Mwalimu akainama kutoka kwenye kiti. Akapitisha kidole gumba juu ya kile kikonyo, taratibu, kutoka chini kwenda juu, mpaka ukucha ukakwama kwenye kichipukizi. Nikaona mara moja. Nilikuwa nimekipindua, vichipukizi vinatazama ardhini, na kikonyo kilichopinduliwa hata kikishika hakikui.

“Nimekosea, Mwalimu,” nikasema.

“Si kitu,” akasema. “Kitoe, ukigeuze.”